Mkate wa Torino Ulikuwa Bado Laini

Umeshaanza kuangalia pembeni. Nakujua. Ndivyo kijiji chetu kizima kilivyofanya Pasaka ile mezani kwa Saveta, na wewe ungekuwepo ungeinamia sahani kama wenzako.

Kutoka Bacău, mji ulio karibu na kijiji chetu huku Romania, hadi Torino, kule Italia, ni kilomita kama elfu moja na mia tano kwa anga. Ndege haichukui zaidi ya saa mbili na nusu. Viorica, binti pekee wa Saveta, yuko Torino anamlisha supu mama wa watu na kumbadilishia shuka. Alipoondoka alipanda basi, siku mbili barabarani, na tangu hapo kila Pasaka humwambia mama yake kwenye simu kwamba safari ni ileile: siku mbili za kuja, mbili za kurudi, likizo imekwisha. Saveta, ambaye hajafika hata uwanja wa ndege, akaamini.

Kwetu, unayegongana naye yai jekundu la kuchemsha, lako kwa lake, siku ya Pasaka ndiye utakayeonana naye ahera. Kwa hiyo kila mwaka Saveta humwekea Viorica yai kabatini. Yale ya zamani yamekauka. Ukiyatikisa, kiini kinagonga ndani kama kokoto.

Pasaka hiyo akaingia Dănuț, kijana wa nyumba ya pili, ambaye naye anafanya kazi Torino. Alimletea Saveta mkate. Saveta akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukabonyea, ukainuka.

"Huu umeununua hapo mjini. Usinifanye mtoto."

"Torino, bibi. Asubuhi ya leo."

"Kwani basi lenu siku hizi lina mabawa?"

"Basi gani tena? Nimekuja na ndege. Safari ya saa mbili na kitu, hata usingizi haukukolea."

Mke wa padri wetu wa Kiorthodoksi akaanza kumenya yai lililokwisha kumenywa. Zaidi ya Saveta, hakuna mtu pale mezani ambaye hakuwahi kwenda kumpokea mwanawe uwanjani.

"Viorica anaogopa ndege," Saveta akasema. Uso ulimwiva hadi shingoni, utadhani ni yeye aliyekamatwa akidanganya.

Mimi jirani yake sikuvumilia. Nikasema kiangazi kilichopita Viorica aliruka hadi Ugiriki na yule mwajiri wake, picha tumeziona sote.

"Grigore, nyamaza," Saveta akanikatiza. "Usinivue nguo mbele ya watu."

Niliona aibu, lakini hasira haikutoka, na mpaka leo haijatoka.

Saveta akainuka, akafungua kabati, akachukua yai la mwaka ule, akalifunga kwenye kitambaa. Akamuuliza Dănuț, kwa sauti ndogo kabisa, "Ndani ya ndege wanaruhusu yai?"

Waliruhusu, Dănuț akampelekea. Viorica alilipokea, akalia, akasema atakuja, ila hana wa kumwachia yule bibi anayemtunza. Yai akaliweka kabatini kwa watu.

Mwaka huu mayai ya Saveta nimeyapaka rangi mimi, maana mikono yake inatetemeka. Moja limo kabatini. Tangu Viorica aondoke, yeye na mama yake hawajagongana yai hata mara moja.

Nawe unayesoma una mama yako, na una umbali wako unaoujua vizuri, na mwingine unaomtajia yeye. Weka chini karatasi hii. Kata tiketi leo, kisha mpigie simu umwambie ukweli: ni karibu, na unakuja.