Medali ya Muyisa

Mimi ndiye niliandika lile jina, na hakuna mutu alinishika mukono. Basi musinihurumie.

Mwaka wa 2001 nilikuwa mwalimu wa michezo hapa Butembo, mutu wa Kasai, serikali ilinileta kisha ikanisahau. Komanda wa muji alitoa kombe kwa mashule, na medali kwa muchezaji bora. Siku mbili kabla ya fainali, askari wake mumoja, mutu wa kwetu Kasai, akanivuta pembeni.

"Mwalimu Kalala, yule muchezaji bora wa mwaka jana, kule Beni, tulimupandisha kamiyo, lori ya jeshi. Tulisema anaenda ku ekipe ya mupira ya jeshi. Tulipofika Mutwanga, ku vita, tukamupa bunduki. Na mutoto wako anacheza, hapana?"

Anacheza, eeh. Anacheza kuliko bote. Siku ya fainali Hénock wangu alifunga mabao matatu, kiwanja kizima kinaita jina lake. Kisha mechi ikaisha, komanda akanyoosha mukono apokee karatasi ya jina la muchezaji bora.

"Jina, mwalimu."

Nikaandika Muyisa.

Muyisa alikuwa golikipa wetu wa akiba. Aliingia dakika kumi za mwisho, hakugusa mupira hata mara moja. Alikuwa na pumu. Akikimbia kidogo tu, kifua inapiga filimbi. Nilijiambia: bataona ni mugonjwa, batamuacha. Uongo mutupu. Batu balicheka. Muyisa mwenyewe alifikiri ninamutania, kisha akaja mbio, anakohoa, anacheka. Komanda akamuvalisha medali, akamushika bega, na hakumuachilia tena.

Kesho yake mama yake akaja kwangu, Mama Orpa, mujane anayeuzisha mihogo ku soko. Alibeba kuku jike, miguu imefungwa kamba.

"Mwalimu, huyu mutoto wangu hakuna mutu alimuonaka. Weye ulimuona. Amepanda kamiyo asubuhi, anaenda kucheza Beni. Aksanti sana."

Nilipokea ile kuku kwa mikono mbili, vile heshima inataka.

Hénock alikuwa mu mulango, amesikia yote. Mama alipoondoka akaniuliza, "Papa, mutu wa pumu anaenda kucheza nini Beni?"

Nikamwambia ukweli. Tangu siku ile haniiti tena papa. Ananiita mwalimu, kama wanafunzi wengine, na mupira hagusi.

Wiki mbili baadaye, yule askari akaniletea habari: Muyisa alianguka Mutwanga, risasi ya kwanza, akafa pale pale. Nilipaswa kwenda kwa Mama Orpa siku ile ile. Sikuenda. Niko mwoga, na ninajichukia.

Yeye ndiye anakuja. Kila akitoka soko anapita kwangu. "Mwalimu, mashindano ya Beni inaisha lini?"

"Bado, mama."

Jana alileta sweta, amefuma mwenyewe, sufu ya bluu.

"Ukipata mutu anashuka Beni, umupatie. Mvua inamubanaka kifua."

Hénock alikuwa amesimama pale, ananitazama. Nikapokea, tena kwa mikono mbili.