Rambirambi za Naibu Gavana

Kila Jumamosi kazi ya Emmaculate Ajwang ilikuwa moja: kwenda matangani kusoma rambirambi za gavana. Naibu gavana mzima! Katiba ilipoleta kaunti, watu walidhani cheo hicho kina meno. Meno gani, jameni? Gavana alimfanya mgombea mwenza ili apate kura za ukoo wao kule ziwani. Akazipata, kisha akampa ofisi yenye kapeti nyekundu, ambamo haikuingia hata faili moja.

Jumamosi hii aliyelala kwenye jeneza alikuwa baba mdogo wa Ajwang, Mzee Ogola. Kifua kilimbana asubuhi, wakamteremsha ufuoni kungoja boti ya wagonjwa ya kaunti impeleke hospitali Kisumu. Boti haikuja, akakata roho. Mjane wake, Mama Beldina, alikuwa ameapa kwamba jeneza halitashushwa kabla hajaambiwa boti ilikuwa wapi.

Karatasi aliyopewa Ajwang ilikuwa ile ile aliyoisoma matangani kule Awasi wiki iliyopita. Jina la marehemu wa Awasi limekatwa kwa kalamu, la Ogola likaandikwa juu yake. "Huduma zetu za afya zimefika kila ufuo, na boti ya wagonjwa iko tayari wakati wote," ilisema. Ptuu! Alimchukia aliyeiandika, akajichukia na yeye mwenyewe, akalichukia hata gari la bendera lililomleta.

Akaikunja karatasi.

"Mama, leo sisomi uongo. Boti haina petroli, miezi mitatu sasa. Nimemwandikia gavana barua tatu, hajajibu. Mimi siruhusiwi kutia sahihi hata ya lita moja. Unaibu ni jina tu."

Watu wakashangilia, vijana wakapiga mbinja. Ajwang akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe alijiona mtu.

Mama Beldina hakushangilia. Alisimama, akanyoosha mkono kuelekea ufuoni, ambako mashua za wavuvi zilikuwa zimefungwa, zote na injini zake.

"Miezi mitatu ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na kila Jumamosi unashika maikrofoni, unatusomea boti iko. Sisi tukakuamini, kwa sababu ni wewe. Tukamlaza Ogola kwa mchanga kutoka saa moja mpaka saa sita, tukingoja, na mashua ya Odongo iko hapo, tangi limejaa." Akaushusha mkono. "Ungesema tu, Ajwang. Ungesema."