Macho Wazi

Jael Ayuma alikuwa dereva wa lori, akipeleka makontena kutoka bandarini Kipevu hadi Mariakani, na kila jioni alirudi nyumbani Magongo mabega yakimuuma. Kampuni iliponunua malori mapya yenye mtambo unaoshika mwendo na kuliweka lori kwenye mstari wake, alishukuru Mungu. Fundi Oduor, aliyewafunza madereva, aliwaonya wasiachilie usukani hata kidogo. Jael hakuuachilia.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya raha. Alifika nyumbani na nguvu ya kupika, na mumewe Dishon akasema amerudi kuwa yule aliyemwoa. Jambo moja tu lilimsumbua. Mara nyingine alifika Mazeras asikumbuke kupita Miritini, kana kwamba kipande cha njia kimekatwa na kutupwa.

Siku moja asubuhi alikuwa akirudi na kontena tupu, akiwaza posa ya binti yake Cheryl. Mbele, barabara ilikuwa imetiwa lami mpya, na mistari bado haijachorwa. Lori likakosa mstari wa kufuata, likapiga king'ora na kumwachia uendeshaji. Mikono yake ilikuwa papo hapo usukanini, lakini kwa kitambo alishindwa kujua yuko wapi na anatakiwa kufanya nini. Kisha akamwona mzee akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, karibu mno. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote na kukata usukani kulia. Pembe ya lori ikaparuza mkokoteni, mitungi ikabingirika hadi mtaroni.

Mzee alikuwa amesimama, mzima. Jael alishuka, akamwamkia shikamoo, akaanza kuomba radhi.

"Marahaba," mzee akajibu. Jina lake lilikuwa Mwidani. Akamtazama usoni. "Macho yako yalikuwa wazi mwanangu, nimeyaona. Lakini wewe hukuwamo."

Wakaokota mitungi pamoja, wakaenda kuijaza upya bombani. Mzee hakumtukana, na hilo ndilo lililomliza Jael njia nzima.

Alijua angeweza kunyamaza. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa Oduor akamsimulia yote, akitarajia kunyang'anywa funguo. Oduor akafunga mlango. Alisema naye jambo hilo hilo limempata mara mbili, akaona haya kulitamka, kwani nani angeamini kwamba mtu anaweza kuchoka kwa kukosa kazi?

Wakalipeleka kwa meneja, Bi Salha, wote wawili. Mwanzoni alisita, maana malori yale aliyasifu mwenyewe kwa wakubwa. Kisha akapanda na Jael, akaketi upande wa abiria hadi Mariakani. Wakirudi, Jael alimuuliza gari gani limewapita hivi punde. Bi Salha hakujua. Akacheka kidogo, na walipofika Changamwe akaagiza utaratibu ubadilishwe.

Tangu hapo madereva huzima mtambo mjini na penye ukarabati, na kuuwasha njia ikiwa nyeupe. Hata ukiwashwa, Jael huitaja njia kwa sauti: pikipiki kushoto, mama anavuka, lori la tangi limesimama. Wenzake walimcheka wakimwita mtangazaji wa mpira. Mwezi haukuisha, nao wakawa wanatangaza, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Juma lililopita, akishuka kuelekea Miritini, alisema, "Ng'ombe, kulia, kamba imekatika," akapunguza mwendo kabla mtambo haujalia. Ng'ombe akavuka taratibu, mwenye ng'ombe akimfuata mbio na kiatu kimoja mguuni. Jael alimpungia mkono, akatia gia, akaendelea kuitaja njia.