Sikio la Ng'ombe wa Samli

...eti alizibe, alizibe kama mtu anayeziba tundu la sufuria, na Wangwe yuko juu ya pipa tupu mbele ya ghala la samli, brashi imeinuka, rangi ya kahawia imejaa kwenye singa, pua yake karibu igusane na sikio la ng'ombe aliyemchora mwenyewe kwenye ubao, ng'ombe mkubwa kuliko ng'ombe wote wa Tarime walio hai na waliokufa, na huko chini wamesimama wanamtazama makalio, mwenyekiti wa chama cha samli Kornelio, karani wake Stanslaus, wanawake wa maziwa na vibuyu vyao, wote wanangoja kitu kimoja tu, brashi iguse lile pengo la sikio la kushoto, pengo lijae rangi, sikio liwe zima, halafu waende zao, kana kwamba ni jambo la kufanywa hivihivi, kana kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akanywa uji akaenda kumziba baba yake sikio... "Wangwe, taratibu tu, usiharibu uso," anasema Kornelio kutoka chini, usiharibu uso, yeye Wangwe aharibu uso, yeye aliyemchorea Athumani fundi nguo cherehani ukutani mpaka watu wakawa wanaleta mashuka na kuyaacha chini ya ukuta ule washonewe, yeye aliyechora birika kwenye hoteli ya sokoni na moshi wake, na siku ya mvua mtu mmoja wa kutoka Kisaka akasimama pale akainyooshea mikono aote moto, watu waliona, hakuna anayebisha, na leo anafundishwa uso na Kornelio ambaye akichora mbuzi chini kwa kijiti unauliza hiki ni kiti au ni nini.

Na nani alimpa hilo wazo, si yeye, si Wangwe aliyekwenda nyumbani kwake akamwambia mwenyekiti, hayo maneno unayotaka kuandika kwenye madebe, chama cha nini na cha nini, herufi kama siafu, nani atayasoma, mimi sijui kusoma na watu kama mimi ndio wengi, lakini mama asiyejua hata alama moja akienda dukani anajua chai yake, anajua sabuni yake, anajua kiberiti chake, kwa nini, kwa picha, ukimbadilishia picha anakwambia hiki si kiberiti changu hata kikiwaka mpaka kiunguze duka, basi mpe ng'ombe, mama wa Musoma aseme nipe ile samli ya ng'ombe, na Kornelio akatikisa kichwa polepole kama mtu anayelikumbuka wazo lake mwenyewe, na kesho yake kwenye mkutano akasema, nimefikiri... amefikiri, haya, na afikiri, Wangwe alikuwa anamwona ng'ombe tayari, anamwona akikatwa umbo lake kwenye bati na kupigwa rangi juu ya kila debe, anapanda lori mpaka Musoma, anapanda meli mpaka Mwanza, Bukoba, Kisumu, na kwa nini asifike Ulaya, huyo Malkia anakaangia nini, maji? Kila anayepika ulimwenguni angefungua debe kwanza akakutana macho na ng'ombe wa Wangwe, na alipommaliza, siku ile ubao umelala juani ukauke, ndama wa jirani alikata kamba akaja akasimama mbele ya kile kiwele cha rangi akalia kilio cha njaa, kilio hasa, walimwondoa watu wazima wakisaidiana, na hao hao leo wanasema sikio.

"Mimi sijakataa ng'ombe," yule mama Robi anasema, mwenye kibuyu kirefu, amelisema asubuhi na sasa analirudia, sauti yake haipandi wala haishuki, "ng'ombe ni mzuri, lakini maziwa yangu hayaingii kwenye debe lenye sikio la kina Wangwe, ng'ombe wangu wana sikio lao," na mwingine anadakia, "leo debe, kesho utamkuta barazani anadai ghala lote, shahidi sikio," wanacheka, wacheke, na tatizo ni kwamba Robi ana haki, hilo ndilo linalomchoma Wangwe huko juu ya pipa, maana huku mtu akimwona ng'ombe haanzi na pembe wala haanzi na nundu, anaanza na sikio, kila boma lina mkato wake, huyu anakata ncha, yule anapasua katikati, wengine pengo la pembeni, na ng'ombe akiibwa akakutwa ng'ambo ya mto, rangi haiulizwi, ngozi haiulizwi, linaulizwa sikio, na sikio haliongopi, mtoto mchanga wa huku anajua sikio la kwao kabla hajajua jina la babu yake, na yeye Wangwe alijua, hakuna anayejua masikio kumzidi yeye, lakini hakutaka, anaapa kwa alipozikwa baba yake hakutaka, alikuwa anachora tu, pembe, paji, jicho, mkono unakwenda wenyewe, na ulipofika sikio la kushoto ukaweka pengo la pembeni, pengo la baba, ulikata kama unavyojikuna mwilini, wala hakuliona mpaka ubao ulipopandishwa juu ya mlango na watu wakalinyooshea vidole.

Na wangempa mlango mwingine angepita, Stanslaus alisema asubuhi, "Mzee Wangwe, ziba tu, ama sivyo kamati inashusha ubao, tunaweka picha ya kibuyu," kibuyu, kijana amesoma misheni miaka yote hiyo akatoka na kibuyu, samli yote ya nchi hii iende mpaka Mwanza na picha ya kibuyu, na yeye Wangwe awe nani, mtu aliyechora kitu kikashushwa, atapita wapi sokoni, lakini kuziba... hao hawajui wanachoomba, hawajui kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja anayetembea chini ya jua mwenye lile pengo, hakuna, baba alikuwa na ng'ombe wengi mpaka wa mbele wanafika mtoni wanakunywa wanashiba wanalala, wa nyuma bado wanatoka zizini Nyamwaga, vumbi lao lilikuwa linazuia jua watu wa jirani wanawasha moto mchana, na sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikaja ikawalaza kama nyasi, waliobaki wakaenda mahari, huyu kwa huyu, yule kwa yule, na ng'ombe akienda mahari anaondoka na sikio lake lakini ndama wake anakatwa kwa kisu cha boma alikozaliwa, kwa hiyo pengo la baba lilikuwa linakufa polepole mazizini mwa watu, kila ng'ombe mzee anayechinjwa anaondoka nalo, na la mwisho liliondoka lini Wangwe hajui, hakuna aliyemwita aje aone, basi sasa liko wapi, liko hapa tu, kwenye ubao huu, mbele ya pua yake, likingoja brashi, na mwenye brashi ni nani, ni mtoto wa mwenye kisu...

"Rangi itakauka kwenye brashi," anasema Kornelio, na ikauke, mbona wewe hukauki, tulitahiriwa mwaka mmoja mimi na wewe na wewe ndiye uliyekuwa unauliza bado kuna wangapi mbele, anataka kumwambia hivyo, maneno yapo hapa kwenye ulimi, lakini mkono umechoka, bega linamuuma, tone la kahawia limeanguka kwenye kifundo cha mkono linateleza kuingia kwenye shati, na huko nyuma anasikia watu wakisogea, anasikia Stanslaus akisema "shikamoo mama," na sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe inaitika marahaba, ni dada yake, Boke, mkubwa wake, amekuja na ndizi zake kutoka Nyamwaga, leo ni siku ya soko Sirari, ndiyo, vizuri, Mungu hakumtupa, sasa watasikia, Boke atawaambia, Boke alikamua ng'ombe wale mpaka siku aliyoolewa, na Boke anauliza, "Mmempandisha ndugu yangu huko juu mnamfanya nini," na Stanslaus anajibu, "Tunamwomba azibe sikio la ng'ombe mama, hataki, anasema ni sikio la baba yenu," na mtu mmoja anamtua Boke mzigo wa ndizi chini, Wangwe hageuki, anangoja, anausikia mgongo wake mwenyewe ukinyooka, na Boke anasema, "Baba yupi."

Baba yupi. Anacheka mtu. "Baba yetu mimi na yeye?" anasema Boke, hana haraka, "la baba halikuwa hivyo. Hilo umelichapa jembe, mura, mdogo wangu. La baba lilikuwa dogo, kama ukucha wa mtoto, ukiwa mbali hulioni, mpaka umshike ng'ombe," na wanawake wanacheka, Robi naye anacheka, Kornelio anakohoa kile kikohozi chake cha kuficha, na Boke tayari anamgeukia mtu mwingine, anauliza kama gari la Sirari limepita... huyu mwanamke amezeeka, macho yamekwisha, wanawake hawakati masikio, wanajua nini, kazi yao ilikuwa kukamua, kukaa kwenye kigoda wameegemeza paji kwenye ubavu wa ng'ombe, na ng'ombe anageuza kichwa kumlamba ndama, sikio linakuja linasimama hapa, hapa kabisa kwenye shavu la mkamuaji, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, mpaka siku aliyoolewa... lilikuwa kubwa, lilikuwa kubwa hivi, ungepitisha ngumi, ungemwona ng'ombe wa baba kutoka mlima wa pili ukasema yule ni wetu, amelisimulia mara ngapi, pombeni Tarime, msibani Nyamwaga, hata kwa watu wa Kisaka ambao hawakumjua baba, aliwaonyesha kwa mikono, pengo kama hili, na wengine wakisema aah, anapanua kidogo mikono, kama hili, maana mtu hakumwona baba, unampaje amwone, unampa kitu kikubwa, mtu haoni ukucha kwa kusimuliwa, anaona jembe, na kila aliposimulia mikono ilijua pa kuanzia ni pale ilipoishia jana...

Lakini kulikuwa na yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, mpole, aliyekuwa analala karibu na mlango wa zizi, na jioni wakishaingia wote yeye Wangwe alikuwa anakwenda kuketi pale, mavi bado ya moto chini ya miguu, moshi wa kufukuza inzi, anamshika sikio, vuguvugu, lina manyoya ndani kama kitu kilichozaliwa jana, na kidole gumba kinakwenda chenyewe ukingoni, kinateremka, kinateremka, mpaka kinaingia kwenye pengo na kulala humo, na pengo linajaa. Linajaa, hapabaki nafasi. Kidole gumba cha mtoto, ncha tu ya kidole, na ng'ombe anatikisa sikio kidogo kama anasema haya toka, na Wangwe anakirudisha tena, na linajaa tena... ngumi ilitoka wapi? Ngumi haikuwahi kuingia pale, ngumi ingempasua ng'ombe wa watu kichwa, baba alikuwa anakata kwa kisu kidogo, upesi, ndama hata halii, baba mwenyewe alikuwa mtu mdogo mdogo, sauti ndogo, akipita kwenye kikao hakuna anayegeuka, na ng'ombe wake wakienda mtoni walikwenda wakafika wakanywa wakarudi, wa mbele na wa nyuma pamoja... na hiki hapa mbele ya pua yake ni nini basi, hili pengo la pembeni linalotosha kupitisha ndizi, hili hakulikata baba, hili halikuwahi kuwa kwenye ng'ombe yeyote, amelikata yeye kwa mdomo wake mwaka hadi mwaka, na analipigania juani tangu asubuhi, yuko tayari ashushwe, yuko tayari apigane na Kornelio na kibuyu chao, kwa ajili ya sikio la nani...

"Sasa anaziba au hazibi," anauliza Robi, kibuyu amekishusha. "Anaziba," anasema Kornelio. "Wangwe, unaziba?" Na akiliziba lote hajamziba baba, baba hayumo humo, akiliacha hajamwacha baba, baba hayumo humo pia, na brashi iko palepale ilipokuwa, kwenye hewa kati yake na sikio, rangi imeanza kushika utando juu, anaweza kuijaza ile nafasi mpaka abakishe kidogo tu ukingoni, kidogo kiasi cha mtu wa chini kuona sikio zima akaenda zake na maziwa yake, lakini kidogo kiasi gani, mkono wake haujui, mkono huu ambao haujawahi kuuliza ukubwa wa kitu, unajua ng'ombe, unajua birika, unajua cherehani na kila sindano yake, hauujui ukucha, na Boke ameshaenda kwenye gari la Sirari, anasikia watu wakimwambia wahi mama linaondoka, na Wangwe amefumba macho huko juu ya pipa, watu wote wakimtazama, na kidole gumba cha mkono wa kushoto, ule usioshika kitu, kinasugua polepole ukingo wa kidole cha pili, kinateremka, kinapanda, kinateremka, kinatafuta pa kuingia.