Niliapa Nimemzaa

Wakili alinisihi niseme ukweli: Fakihi aliletwa kutoka Msumbiji akiwa na miaka miwili, nikamlea hapa Newala. Aliyeletwa akiwa mtoto hakuvunja sheria ya uhamiaji, alisema. Kwa hoja hiyo mahakama ingemtoa mahabusu.

Lakini kwetu mtoto uliyemlea husemi mbele za watu kwamba si wako. Alipokuwa jandoni nilimpikia kila siku, na alipotoka nikamchezea ngoma. Nani mwingine mama yake?

“Mama Fakihi, huyu ni nani wako?” hakimu aliuliza.

“Mwanangu. Nimemzaa kwa tumbo hili.”

Wakili akainamisha kichwa. Hakimu akasema maelezo yangu na ya wakili yanapingana, akalitupa ombi la kumwachia Fakihi.

Askari walipompitisha kumrudisha mahabusu, Fakihi alinishika mkono.

“Ahsante, Mama.”