Uzito wa Jana

Siku sita mfululizo karatasi ya mwanangu imeandikwa gramu elfu moja na mia moja, hazizidi wala hazipungui. Haidar alizaliwa hata miezi saba haijatimia. Analishwa kwa mpira wa puani, na maziwa ninayomkamulia hupimwa kwa kufuata uzito wake; akikonda, huongezwa. Lakini kila nikimweka kifuani, mkono wangu unaniambia amekuwa mwepesi.

"Huyu mtoto mmempima lini?" nikamuuliza Bi Laila, muuguzi wa zamu.

"Mizani haina betri tangu Jumamosi, Time. Tunaandika uzito wa jana."

"Jana ya lini?"

Akainamia karatasi zake. Mimi kwetu Gando napima karafuu kituoni. Siku nitakayomwandikia mkulima uzito wa gunia la jana, wallahi nitakabwa koo mbele za watu, na nitakuwa nimestahiki. Karafuu zina mwenyewe, mwanangu hana?

Juu ya meza ya wauguzi palikuwa na rimoti ya tivii, na tivii haikuzimwa siku zote sita. Nikaifungua mgongo, nikachomoa betri, nikazitia kwenye mizani. Ikawaka. Nikamlaza Haidar taratibu.

Gramu elfu moja na thelathini. Mtoto alikuwa akikonda, na hakuna aliyemwongezea hata tone.

Bi Laila akachukua kalamu, kisha akasita. "Tukiandika hivi, tutaulizwa."

"Na muulizwe," nikamwambia. "Andika."