Shoka Kwenye Paa la Radojko

Kampuni ya bima iliponituma kijijini kukadiria hasara ya dhoruba, shoka lilikuwa bado limekita kwenye paa la gari la Radojko, mpini ukiwa juu, na kuku ametua kwenye mpini.

"Hatujaligusa, binti," alisema Radojko akivua kofia. "Huo ni ushahidi. Kuku hayumo, amekuja mwenyewe."

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo kikuu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna mtu atakayelia kwa sababu yangu. Radojko alikuwa karibu kulia. Jumamosi mjukuu wake anaolewa, na gari hilo ndilo la kumpeleka kanisani. Fundi wa kunyoosha bodi mjini hagusi kitu mpaka kampuni ya bima ikubali kulipa.

"Shoka ni la nani?"

"Langu!" ilijibu sauti ya upande wa pili wa uzio. Alikuwa jirani yake, Bibi Stamenka, kitambaa cheusi kichwani, mikono kiunoni. "Nimelirusha mimi."

"Shangazi, nyamaza!" alisema Radojko, aliyemwita hivyo kwa heshima tu.

Wingu la dhoruba lilipotanda, Bibi Stamenka alifanya kama alivyofanya mama yake. Alitoa meza nje uani, akaweka mkate, chumvi na shoka, makali yakitazama juu, kisha akalikaripia wingu lipeleke mvua yake ya mawe kwingine. Hadi hapo wote wawili walikubaliana.

"Ndipo upepo ukaipindua meza, ukalitupa shoka huku," alisema Radojko. "Niliona kwa macho yangu."

"Ulikuwa chini ya kitanda wewe."

"Chini ya kitanda panaonekana vizuri tu!"

"Upepo!" Bibi akatema mate kando. "Nililirusha mimi, likalipasua wingu, mawe yakakoma. Niokoe kijiji kizima, halafu sifa upewe upepo?"

Nikawaeleza kwa upole kwamba bima inalipa kitu kilichopeperushwa na upepo. Kilichorushwa na jirani hailipi.

"Umesikia, shangazi? Bibi harusi aende kanisani na tundu juu ya kichwa?"

"Atapata hewa."

Nilimwomba Bibi atuonyeshe alivyolirusha. Radojko akaling'oa shoka, kuku akaondoka akilalamika. Bibi akatemea viganja, akazunguka, akarusha. Shoka likaangukia kwenye vitunguu, karibu na viatu vyake. Akarudia. Vitunguu tena. Mara ya tatu likaenda kinyumenyume, nikajikuta nimelala kifudifudi bega kwa bega na Radojko.

"Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa chini ya kitanda," alininong'oneza.

Nilisimama nikijipangusa udongo. Jibu lilikuwa wazi: upepo. Lakini Bibi alikuwa amekaa kati ya vitunguu vyake, amenywea, anatazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Radojko naye alimwona.

"Labda," alisema polepole, "upepo wenyewe ulitumwa na shangazi."

"Mzee, nikiandika hivyo hawatalipa."

Akatazama paa. Akamtazama Bibi.

"Basi wasilipe. Andika aliutuma yeye."

Bibi akainua kichwa.

"Nani kautuma? Usinisingizie, Radojko! Upepo ulikuja wenyewe, mwizi mkubwa, ukanipora shoka nikiwa kazini. Mimi nilikuwa nashughulika na mawe. Binti, hebu tazama gari hilo. Lina alama hata moja ya jiwe?"

Nikalizunguka gari. Nikapapasa boneti, milango, buti. Hakukuwa na kibonyeo hata kimoja.

Nikaandika mbele yao: *Upepo: paa limetoboka, lilipwe. Mvua ya mawe: hakuna hasara.*

Radojko akanikumbatia, akamkumbatia Bibi, akakimbia kumtafuta fundi. Bibi akabaki akisoma juu ya bega langu, midomo ikichezacheza.

"Hapo pa pili," alisema, "pigia mstari."

Nikapiga miwili.